Mgeni wa Sahani ya Nne

Mwanakhamis aliandaa sahani nne. Nyumba ile ya Alum Rock, mjini Birmingham, ilikuwa na watu watatu tu: yeye, mumewe Khatib, na binti yao Mwanamkasi wa miaka sita, ambaye wote walimwita Mkasi. Hawakuwa wakimtarajia mtu. Aliigundua ile sahani ya nne alipokwisha kuipakulia wali. Akacheka, akasema uzee unamjia mapema, akaurudisha wali chunguni na sahani kabatini. Kesho yake akaandaa nne tena. Siku ya tatu hakucheka.

Hayo yalikuwa mwezi wa Agosti, mwaka sabini na tatu, na mwenye kosa alikuwa amekaa pale pale mezani akijichokoa meno, wala hajui kama ana kosa. Mimi sitamficha. Kosa lilikuwa la Khatib, na lilikuwa kosa la adabu njema, ndiyo maana linaniuma kulisimulia.

Khatib alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda kimoja cha Tyseley. Kiwandani pale kulikuwa na chama cha watembeaji. Naam, watembeaji: watu wazima, wana akili zao, wanasimama kwa miguu kazini mwaka mzima, halafu likizo ikifika wanatoa pesa zao wakatembee milimani. Mwanakhamis alipoambiwa, aliweka mwiko chini.

"Kutembea wapi, Baba Mkasi? Unamfuata nani huko Ufaransa?"

"Simfuati mtu. Ni kutembea tu."

"Kama ni kutembea tu, basi nenda dukani uniletee vitunguu."

Vitunguu alileta, na Ufaransa akaenda, kwa sababu Kewal, Mpunjabi wa mashine ya jirani, alikuwa ameshajiandikisha, na Khatib hakutaka kuonekana mvivu. Mwezi wa Julai walivuka bahari pamoja na Waingereza tisa, wakapanda treni mpaka mji wa Cahors, na kutoka pale wakashika njia ya bonde la mto Lot, mikoba mgongoni.

Akapenda, tena sana. Njia ilifuata mto, mara ikapanda jabali jeupe, mara ikashuka kwenye miti ya jozi yenye kivuli kizito. Kila baada ya saa mbili tatu walikuta kijiji cha mawe, nyumba zimebanana, mwaka umechongwa juu ya mlango: elfu moja mia nne na kitu, elfu moja mia tano na kitu. Khatib alizaliwa Mkunazini, mjini Unguja, na tangu alipoondoka mwaka wa mapinduzi hakuwahi kuona vichochoro vilivyomgusa namna ile. Alipitisha kiganja kwenye kuta zile, na Kewal akamsubiri.

Siku ya pili ya kutembea walifika kijiji ambacho nusu ya nyumba zake hazikuwa na watu. Vijana wamekwenda mijini, vita vimewala wengine, paa zimebonyea. Wenzake wakaenda kutazama kanisa. Khatib akabaki kwenye ngazi ya nyumba ya mwisho, karibu na daraja, mbele ya mlango wa buluu uliochubuka rangi. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Alifungua mkate wake, mayai ya kuchemsha na samaki wa kopo, akaanza kula.

Mzee mmoja akapita. Alivaa kofia nyeusi na viatu vya mti, na alikuwa anatoka mtoni.

Sasa, kwao Khatib mtu hali mbele ya mpita njia akanyamaza kimya. Hata ukiwa na tonge moja mkononi, utasema karibu. Na mpita njia atakujibu "starehe", yaani endelea, usijisumbue kwa ajili yangu, ataenda zake na wewe utakula chako. Wote wawili wanajua kwamba hiyo ni heshima, si mwaliko wa kuja kukaa. Ulimi wa Khatib haukungoja ruhusa yake.

"Karibu, Mzee."

Yule mzee hakusema starehe. Alisimama, akageuka, akaja akaketi kwenye ngazi, karibu mno, bega kwa bega. Alinuka jiwe bichi, na chumba kilichofungwa miaka mingi. Khatib alimkatia mkate, hakuupokea. Lakini mdomo wake ukaanza kutafuna. Mikono ilikuwa mitupu juu ya magoti, na mdomo unatafuna polepole, macho yamekaa kwenye mdomo wa Khatib, na mkate ndani ya kinywa cha Khatib ukapoteza ladha ukawa pamba. Kilichomshika wakati ule kilikuwa aibu zaidi kuliko hofu. Alifungasha vitu vyake haraka, akasimama, na kwa kuwa hakupenda kuondoka kama mtu anayemkimbia mzee, adabu ya pili ikamtoka:

"Basi, na kwetu karibu."

Kewal alikuwa anashuka kutoka kanisani. Alimtazama kwa mashaka.

"Ulikuwa unazungumza na nani?"

"Na mzee huyu hapa."

Ngazini hapakuwa na mtu. Mlango wa buluu, ambao Khatib aliukuta umefungwa kwa kufuli la kutu, ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono.

Hakumwambia mkewe. Angemwambia nini? Akanyamaza, hata sahani ya nne ilipoanza kutoka kabatini, akanyamaza. Septemba ilikuja harufu. Haikukaa jikoni wala chooni. Ilikuja chakula kikishapakuliwa, harufu ya jiwe bichi, ikaondoka vyombo vikishaoshwa. Mwanakhamis alisugua sakafu kwa sabuni na ndimu, akafukiza udi mpaka jirani Mwingereza akauliza kama kuna kitu kinaungua.

Kisha sauti. Walikuwa wanakula Jumamosi mchana, kimya, mvua inapiga kwenye kioo, na Mkasi akainua kichwa.

"Mama, who's chewing?"

"Baba yako," alisema Mwanakhamis.

"Daddy's finished."

Kweli, Khatib alikuwa amemaliza, mikono yake imekunjwa kifuani. Mwanakhamis naye hakuwa na kitu kinywani. Wakatulia wote watatu, wakasikia: upande wa nne wa meza, palipokuwa na kiti kisicho na mtu, kitu kilikuwa kinatafuna, polepole, kwa raha zake, kinameza, kinaanza tena.

Tangu siku ile chakula cha nyumba hiyo kikawa hakina maana. Mchuzi wa samaki, pilau, maandazi, vyote viliingia kinywani kama pamba na kushuka tumboni kama upepo. Watu wazima walivumilia, walikula nje, Khatib kiwandani, Mwanakhamis kwenye chumba cha kufulia cha hospitali alikofanya kazi. Mkasi ndiye aliyekwisha. Hata chakula cha skuli kilimpita bure, maana, kama alivyosema mwenyewe kwa sauti ndogo, yule bwana alikuja kukaa naye na skuli pia. Mwezi wa Julai alikuwa na ratili arubaini na nne. Siku ya Krismasi alikuwa na thelathini na tatu. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa mlangoni.

Alianza kukataa kula kabisa, na hapo Khatib akabuni mchezo. Alifinyanga tonge la wali, akala yeye kwanza, kisha akafinyanga jingine akamtilia mtoto mdomoni. "Moja la Baba, moja la Mkasi." Mtoto alikubali kwa mchezo huo tu. Baadaye naye akajifunza kumlisha babake kwa kiganja chake kidogo: "Moja la Mkasi, moja la Daddy." Kila siku saa kumi na moja jioni, giza la baridi limeshaziba madirisha, Khatib alikaa analishana na mwanawe, machozi yanamlenga, na upande wa nne wa meza kitu kinatafuna.

Daktari alipima damu, akapima mavi, akapiga picha ya kifua, hakuona ugonjwa. Skuli ikaandika barua. Akaja mama mmoja kutoka halmashauri, mpole, ana daftari. Alifungua kabati akaona mchele, unga, maziwa, mayai. Akafunga kabati. Akamtazama Mkasi, akamtazama Khatib, na macho yake hayakuwa na upole tena.

"Chakula kipo," alisema. "Basi nielezeni kwa nini mtoto hapewi."

Aliwapa tarehe: Jumatatu, tarehe nne Machi, mtoto atapimwa uzito. Akiwa amepungua hata ratili moja, atachukuliwa na serikali alelewe pengine. Mwanakhamis alimsindikiza mlangoni, akarudi, akakaa sakafuni pale pale ukumbini na koti lake. Hakulia. Khatib alisema ingekuwa nafuu kama angelia.

Usiku huo huo alimwambia mkewe yote, kuanzia ngazini mpaka "na kwetu karibu". Asubuhi, kwa kuwa kiwanda siku hizo kilikuwa kinafanya kazi siku tatu tu kwa wiki kwa uhaba wa umeme, alikwenda kwa Mzee Makungu, mjuzi wa kupunga mashetani.

Mzee Makungu alikuwa Mpemba, zamani mchochea makaa melini, sasa mfagiaji wa mabehewa kwenye karakana ya treni. Hakuwa na kilemba wala mkoba wa dawa. Alimsikiliza Khatib huku amekalia ndoo iliyopinduliwa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ulimkaribisha kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi sina la kumfanyia. Aliyeingia kwa nguvu nitamsomea, nitamchoma, atatoka. Huyu hakuingia kwa nguvu. Namfukuzaje mgeni wa mtu?" Alifikiri. "Mgeni haondoshwi kwa ubaya. Mgeni husindikizwa. Mchukue wewe uliyemleta, umrudishe kwa miguu mpaka mlangoni kwake. Njiani msemeshe, usimtazame. Na ukifika atakukaribisha, maana naye ana adabu. Hapo ndipo penye shingo yako, Khatib. Utajibu starehe. Atakaribisha mara tatu, utajibu starehe mara tatu, ugeuke uende. Ukitia chake kinywani, hata punje, mmebadilishana viti."

"Viti vipi?"

"Usile, nimekwambia," alisema Mzee Makungu, akainuka kutafuta ufagio wake.

Jumatatu ya mwisho ya Februari Mwanakhamis aliandaa sahani nne kwa makusudi. Khatib alisimama mbele ya kiti kitupu, akasema, "Mgeni wetu, twende nikusindikize." Kutafuna kukakoma. Kiti kikasogea nyuma chenyewe, taratibu, kama anavyokisogeza mtu mzima aliyeshiba, na Mkasi akajificha nyuma ya gauni la mamake.

Kwenye treni ya Londoni watu walisimama na kiti cha pembeni yake ki kitupu. Melini mwanamke mmoja alitaka kukaa hapo, akakunja pua, akaenda zake. "Tunakwenda, Mzee," Khatib alinong'ona, "si mbali." Na huko Cahors, asubuhi ya Jumatano, alishika ile ile njia ya mto, peke yake na si peke yake.

Bonde lilikuwa si lile. Miti ya jozi ilikuwa mifupa, mto umefura na rangi ya udongo, ukungu umekaa njiani. Vijiji alivyovipenda vilimfungia madirisha. Mwanamke aliyekuwa anaokota kuni alimwona akija, akatazama nyuma ya bega lake, akaacha kuni akaingia ndani, akasikika akitia komeo. Mbwa walilala chini alipopita. Na nyuma yake, hatua mbili, kuliko na mawe na kusiko na mawe, viatu vya mti, ko, ko, ko, vikisimama akisimama, vikipanda jabali akipanda, naye akisema tunakaribia Mzee, bado kidogo Mzee, jasho jembamba likimtoka katika baridi ile, shingo ikimuuma kwa kujizuia asigeuke, akifikiria ratili thelathini na moja za mwanawe na kuhesabu siku zilizobaki mpaka Jumatatu, mpaka akaliona daraja, na ngazi, na mlango wa buluu, na ile sauti ya viatu ikampita ubavuni, ikapanda ngazi, ikaingia, na mlango ukabaki wazi kiasi cha kupitisha mkono.

Ndani mkatoka sauti ya kizee, yenye vumbi. "Karibu." Ilikuwa Kiswahili. Miezi saba kwenye meza yao, kile kitu kilikuwa kimejifunza.

"Starehe," alisema Khatib.

"Karibu, Baba Mkasi." Hii ilikuwa sauti ya Mwanakhamis, na harufu ya mchuzi wa samaki wenye ukwaju ikatoka pamoja nayo, nzito, ya nyumbani.

"Starehe."

Mto ulikuwa unavuma chini ya daraja. Alikwisha kuinua mguu kugeuka, alipoona kiganja kinatoka kwenye ule ufa wa mlango, kiganja kidogo, chembamba, kucha zimepauka, na ndani yake tonge la wali lililofinyangwa vibaya namna anavyofinyanga mtoto.

"Moja la Mkasi, moja la Daddy," ilisema sauti. "Siwezi kula peke yangu. I'm so hungry, Daddy."

Khatib alijua. Msidhani hakujua. Alijua kwamba mwanawe yuko Birmingham na kwamba mkono ule si mkono. Lakini miezi mitatu, kila jioni, mkono ule ulipokuja mbele yake alifungua mdomo, maana asipofungua mtoto hali, na mtoto asipokula atakufa. Mdomo haukuuliza kichwa. Ulifunguka, na tonge likaingia, na lilikuwa tamu kuliko chakula chochote alichowahi kula.

Mlango ukafungwa. Aliposhtuka na kulitema, alitema mate matupu.

Alirudi mbio, na njiani alijifariji. Viatu vya mti havikumfuata. Harufu haikuwepo. Njaa tu ndiyo ilimsumbua: alinunua mkate, akaumaliza, akanunua mwingine, na yote ilikuwa pamba. Mkata tiketi wa treni alimpita bila kumwomba tiketi. Kwenye meli mtu alitaka kuketi pembeni yake, akakunja pua, akaenda zake. Khatib alisema moyoni kwamba ni kwa sababu ya safari, hajaoga.

Alifika Alum Rock Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni. Ufunguo haukugeuka. Alisema hodi, akasema tena, hakuitikiwa, basi akaenda dirishani, na pazia lilikuwa halijashushwa.

Mkasi alikuwa anakula. Alikuwa anakula kwa mikono miwili, mchuzi unamtiririka kidevuni, anasema kitu, na Mwanakhamis anamwongezea huku anacheka, kicheko ambacho Khatib hakukisikia tangu Agosti. Katika kiti cha Khatib alikaa Khatib. Koti lake, ndevu zake, kovu lake la chuma kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa anafinyanga tonge. "Moja la Baba," akala. "Moja la Mkasi," akamtilia mtoto. Chini ya meza alikuwa amevaa viatu vya mti.

Khatib alipiga kioo kwa viganja viwili na kioo hakikutoa sauti. Mwanakhamis aliinuka, akaitazama meza, akaona ameandaa sahani nne. Akatikisa kichwa, akairudisha moja kabatini.

Harufu ya ukwaju ilipita chini ya dirisha, na mdomo wa Khatib ukaanza kutafuna. Alikuwa hajauambia. Ukatafuna, na kwa mara ya kwanza tangu pale mlangoni akapata ladha, nazi, chumvi, samaki, na raha ikamshuka mpaka miguuni. Ndani, Mkasi aliacha kula. Alilitazama tonge lake kama kwamba limebadilika mkononi. Khatib aliziba mdomo kwa mikono yake yote miwili, akauma kiganja, mpaka mtoto akaendelea.

Ndipo Mkasi akageuka dirishani. Yule aliyekaa kwenye kiti naye akageuka, pamoja naye, akaacha kutafuna, akangoja. Mtoto alitazama kioo chenye giza, pale pale alipokuwa babake. Kila kitu alijibu kwa Kiingereza mtoto yule, lakini walikuwa wamemlea vizuri.

"Karibu," alisema.

Khatib alikuwa na njaa ambayo sijui niipime kwa nini. Alitoa mikono mdomoni kiasi cha kupitisha neno moja.

"Starehe, mwanangu," alisema, akaondoka dirishani. "Starehe."